Je, kuku alizaliwa na Tyrannosaurus?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la sita hapa Mbeya. Pale Mwanjelwa nimenunua bango la ukutani la mageuko ya dinosaria, limepigwa plastiki, linapendeza kweli. Wanyama wamepangwa foleni: kwanza Dimetrodon mwenye tanga mgongoni, halafu Stegosaurus, halafu Tyrannosaurus, mwisho kuku. Mtoto mmoja kauliza kama Tyrannosaurus ndiye aliyemzaa kuku. Nilibandue?
– Mwalimu wa Iyunga

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Usilibandue, bango la rangi halipatikani kila siku. Shida yake ni hiyo foleni.

Tyrannosaurus si babu wa kuku. Ni ndugu wa ukoo mmoja, tuseme upande wa baba wadogo. Archaeopteryx, ndege wa kale mwenye mabawa na manyoya, aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, wakati Tyrannosaurus alikuja kuonekana miaka milioni 68 iliyopita. Ndege walikuwa wamesharuka siku nyingi! Ila kwamba kuku ni wa ukoo wa dinosaria, hilo ni kweli. Watoto wamtazame kuku miguu, yale magamba na vidole vitatu vya mbele.

Dimetrodon mfute kabisa. Huyo alitoweka makumi ya mamilioni ya miaka kabla ya dinosaria wa kwanza, na kiukoo yuko karibu zaidi na sisi mamalia. Wachoraji wanampenda kwa ajili ya lile tanga tu.

Linaloniudhi mimi ni jingine. Bango linauzwa Mbeya, na la kwetu halimo hata moja. Yule mjusi wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, watu wanamjua kwa sababu yuko Berlin, amesimama zaidi ya mita 13. Lakini hapa jirani, eneo la Galula kwenye bonde la Rukwa, imetoka mifupa ya Rukwatitan, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu, aliyetangazwa 2014. Mwaka 2019 akafuata Mnyamawamtuka, aliyepewa jina la mto Mtuka. Pingili zake za mkiani zina umbo la moyo. Waambie watoto wazichore, watafurahi. Na kule bonde la Ruhuhu, upande wa Ziwa Nyasa, miaka ya 1930 iliokotwa mifupa ya Nyasasaurus, wa zaidi ya miaka milioni 240. Wataalamu bado wanabishana kama ndiye dinosaria wa kwanza kabisa au ni ndugu yao wa karibu mno.

Kwa hiyo chora matawi juu ya hiyo foleni. Nyasasaurus mweke chini karibu na shina, hao wawili wa Rukwa wape tawi lao, na kuku umtoe mbele ya Tyrannosaurus umweke pembeni. Tumia maka isiyofutika. Ile ya ubaoni, kwenye plastiki, vidole vya darasa la sita vitaimaliza kabla ya Ijumaa.