Usikimbilie sare, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ubadilishane kete zote mapema, ule yake naye ale yako, katika raundi ya kwanza ya mashindano ya sataranji, maana umepangiwa mpinzani anayekuzidi pointi 400 za kiwango na sare inakutosha. Usifanye hivyo.

Wala usidhani umeonewa. Katika mfumo wa Uswisi, unaopanga nani akutane na nani, raundi ya kwanza wachezaji hupangwa kwa pointi zao za kiwango, orodha hukatwa nusu, na wa kwanza wa nusu ya juu hukutana na wa kwanza wa nusu ya chini. Kwa hesabu ya Elo, inayopima nguvu ya wachezaji na ambayo FIDE, shirikisho la sataranji duniani, inaitumia tangu 1970, pengo la 400 humpa mkubwa takriban pointi 91 za mchezo (ushindi moja, sare nusu) katika michezo 100. Zile tisa zinazobaki ni zako. Zitafute.

Ila huzipati kwenye ubao mtupu. Mimi nilizitafuta huko. Nikiwa na umri kama wako nilikutana na mchezaji mkubwa, nikabadilishana malkia, ngome, kila kilichogusana, na moyo ukatulia kila kete ilipotoka. Tukabaki na wafalme na askari wachache, idadi sawa. Nikamwomba sare, akatikisa kichwa. Punde wafalme wetu wakatazamana, katikati mraba mmoja tu, na zamu ikawa yangu. Katika sataranji zamu hairukwi. Nikamsogeza mfalme pembeni, wake akapenya, askari wangu wakaliwa mmoja mmoja. Nafasi ile alikuwa ameiona tangu mbali, wakati mimi nashukuru malkia wametoka. Kete zikipungua, kosa moja halina pa kujificha, na hapo ndipo ujuzi wake unapokuzidi zaidi.

Kwa hiyo ziache kete ubaoni. Palipo na malkia, farasi na wafalme wasio salama, hata mpinzani wako hukosea, hasa saa ikimbana. Lakini usishambulie kwa pupa. Hilo atalipokea kwa mikono miwili. Fungua mchezo kama unavyofungua na wenzako. Na akiacha kete bila ulinzi, usiipite kwa kudhani mtu kama yeye hawezi kukosea. Ihesabu. Usipoona mtego, uile.

Kwenye karatasi ya kuandikia mchezo, kando ya kila hatua andika dakika ulizobakiza, sheria inaruhusu. Ukirudi niletee hiyo karatasi. Nitasoma dakika kwanza, matokeo baadaye.

Baba yako