Kuimba mbele ya watu bila kusubiri aibu iishe

Ndugu, umeeleza kwamba ukiwa peke yako sauti hutoka bila shida, lakini akiingia mtu mmoja tu chumbani koo hukukaza na sauti za juu hukatika. Umeuliza pia kama vidonge ulivyotajiwa vinafaa. Nimeimba kwaya kwa miaka mingi nikiwa na hofu hiyohiyo, na ushauri wangu ni kwamba usiingoje iondoke, bali ujizoeze kuimba ikiwa bado ipo.

Hofu inapopanda, mwili humwaga adrenalini, yaani homoni ya kuuandaa kupambana au kukimbia, moyo huenda mbio, kinywa hukauka, pumzi huwa fupi na misuli ya shingoni hukaza. Mpiga kinanda hupata tabu hiyo vidoleni, lakini kwa mwimbaji ala ni mwili wenyewe, ndiyo maana wimbo unaoujua vizuri huharibika ghafla. Kwa hiyo mimi hushughulika na pumzi kwanza: kabla ya kusimama hupumua nje polepole, kwa muda mrefu kuliko ninavyovuta ndani, huku mabega yakiwa yametulia. Wala sijilazimishi kutulia kabisa. Mtafiti Alison Wood Brooks, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, aliona kwamba watu waliotamka kuwa wana msisimko kabla ya kuimba karaoke waliimba vizuri kuliko waliotamka kuwa wana wasiwasi.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti, cha juu au cha chini, ambacho wimbo wote huimbiwa. Wengi wenye haya huimba katika ufunguo wa msanii aliyeurekodi, ambao pengine ni wa juu mno kwao, kisha koo likikwama hudhani tatizo ni woga peke yake. Ushushe wimbo mpaka sehemu yake ya juu kabisa uifikie kwa urahisi hata siku ambayo umechoka, na maneno yake uyajue kiasi cha kuyaimba huku mikono ikiwa na kazi nyingine. Mwimbaji mashuhuri wa Marekani, Barbra Streisand, alisahau maneno jukwaani mjini New York mwaka 1967, akaepuka matamasha ya kulipiwa kwa zaidi ya miaka 20. Aliporudi, aliwekewa skrini za kumwonyesha maneno, na hakuna aliyemwona si mwimbaji kwa sababu hiyo.

Wasikilizaji nao waongeze kidogo kidogo. Anza kwa kujirekodi, ukijua kwamba sauti itakushangaza, kwani tunapoimba tunajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, ilhali kinasa sauti hunasa ile ya hewani tu. Kisha mwimbie mtu mmoja asiyependa kukosoa wala kusifu ovyo (ndugu wa nyumbani mara nyingi hawafai, maana hucheka hata pasipo na cha kuchekesha), halafu uingie kwaya na usimame karibu na mwenye sauti thabiti ya kundi lako. Hatua moja irudie mpaka ikuchoshe ndipo uende nyingine. Ukikimbia katikati ya wimbo, hofu ya safari ijayo huwa kubwa zaidi.

Kuhusu vidonge, wako wanamuziki wanaotumia propranololi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, lakini ni hatari kwa mwenye pumu, hivyo usimeze cha rafiki. Muulize daktari kwanza.