Swali la lugha: Mwezini, kwenye Mwezi au juu ya Mwezi?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Tanga. Juzi tulikuwa na mdahalo, mada nikaiandika ubaoni: "Kituo cha kudumu mwezini kina faida kwa binadamu." Darasa likaangua kicheko, wasichana ndio zaidi. Mwenzangu mmoja akanishauri nifute niandike "kwenye mwezi". Mwingine akashikilia kwamba "juu ya mwezi" ndiyo sahihi. Wanafunzi nao wakaanza mdahalo wakichanganya: huyu anasema kambi, yule makazi, wa tatu koloni. Naomba unitoe tongotongo.

JIBU: Marahaba. Usifute.

Kicheko najua kilikotoka. Wazee walimsitiri mwanamke aliye katika hedhi kwa kusema "yuko mwezini" au "ameingia mwezini", na watoto wa kidato cha pili hawapitwi na jambo kama hilo. Lakini maana hiyo haijileti yenyewe. Inataka mtu, tena mwanamke, na kitenzi cha kuwa au kuingia. Kituo hakina hedhi. Husemwa pia "yuko kwenye siku zake", na sijasikia mtu akipendekeza tuache kutumia neno siku. Pa kuangalia ni mahali pamoja tu: mwanaanga wa kike atakapofika kule, mtangazaji asiseme "yuko mwezini" akakata hapo. Aseme "ametua mwezini" au "anafanya kazi mwezini", mambo yataisha. Watu 12 waliokanyaga kule, kuanzia Julai 1969 hadi Desemba 1972, wote walikuwa wanaume, basi lugha haijawahi kutiwa kwenye jaribu hilo.

Hiyo -ni ya mwisho wa "mwezini", mwenzangu, ndiyo inayobeba mzigo wote. Ukiinyofoa tu unabaki na "kituo cha mwezi", na msomaji atadhani ni mambo ya "mfanyakazi bora wa mwezi", yaani kituo cha mafuta kilichopewa zawadi mwezi huu. Kwetu mwezi wa angani na mwezi wa kuhesabu ni neno moja kwa sababu ni kitu kimoja: mwezi umeandama, basi mwezi umeanza. Ni -ni inayotuambia kwamba hapa pametajwa mahali, si muda. Ndiyo maana mtu husema "watakaa mwezini mwezi mmoja" na akaeleweka bila shida. Nyongeza ya kuwafurahisha wanafunzi: kutoka macheo hadi macheo kule hupita takriban siku 29 na nusu za hapa duniani. Siku moja ya mwezini ni mwezi mzima.

"Kwenye Mwezi" si kosa. Ila jaribu kusema "kituo cha kwenye Mwezi" mara tatu haraka, utaona ulimi unavyokwaruza.

"Juu ya Mwezi" ni habari nyingine. Kwanza huweza kumaanisha "kuhusu", kama katika "mhadhara juu ya Mwezi". Pili, humaanisha kuwa angani pasipo kugusa. Mwaka 1969 Neil Armstrong na Edwin Aldrin walikuwa mwezini. Mwenzao Michael Collins alibaki juu ya Mwezi, akiuzunguka ndani ya chombo akiwasubiri. Safari moja, watu watatu, na namna mbili tofauti za kusema. Kwa hiyo kituo cha kuelea na kuuzunguka Mwezi kiite kituo cha juu ya Mwezi ukipenda, lakini kile cha kujengwa penye vumbi ni cha mwezini.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kulipita, kwa sababu nadra lugha yetu kupata mfano mzuri namna hii wa viambishi vya mahali, ku-, pa- na mu-. Ukitaja Mwezi kwa jumla, sema ku-: mwezini hakuna hewa, kuna joto kali mchana na baridi kali usiku, na usiku wenyewe ni wa wiki mbili. Usiku huo ndio unaowasumbua wahandisi, maana paneli za jua hazifui dafu. Basi macho yote yameelekea ncha ya kusini, ambako jua hupita chini chini kandokando ya upeo. Ipo kreta kule, yaani shimo kubwa la duara, iitwayo Shackleton, yenye upana wa kilomita kama 21, haipishani sana na Ngorongoro, ila kina chake kinapita kilomita 4. Pale ukingoni, kwenye sehemu zilizoinuka, pana jua kwa sehemu kubwa ya mwaka: pa-, mahali mahsusi, unaweza kupanyooshea kidole. Mle chini, kwa mu- ya ndani ya kitu, mna giza ambalo jua halijaligusa kwa miaka isiyohesabika. Kreta kama hizo ndizo zinazohifadhi barafu. Mwaka 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, waliangusha kipande cha roketi ndani ya kreta nyingine ya huko kusini, Cabeus, na katika vumbi lililoruka wakakuta maji. Mle mna maji, basi. Wala usiseme "pale pana maji".

Mwanafunzi akishika tofauti hiyo ameshashika na hoja ya mdahalo. Umeme utatoka pale penye jua, maji yatatoka mle mwenye giza. Maji hayo ni ya kunywa, na yakitenganishwa hutoa oksijeni ya kupumua, na pamoja na haidrojeni yakawa mafuta ya roketi. Kituo kitajengwa jirani na vyote viwili.

Sasa jina. Koloni nalikataa mara moja, na si kwa machungu ya historia peke yake. Koloni ni nchi iliyotwaliwa na dola nyingine, na Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha Mwezi. Kambi ni ya muda: unapiga hema, unavunja, unaondoka. Wanaanga wa safari ya Apollo 17 waliokaa kule siku tatu ndio hasa waliopiga kambi. Tena kambi hunukia jeshi, na mkataba huohuo unakataza kambi za kijeshi kule. Makazi yanatokana na kukaa, yaani watu na maisha yao, pengine na watoto, hapo hatujafika.

Kituo kimetokana na kutua: kutua mzigo, ndege kutua, msafiri kutua apumzike. Neno gani litafaa zaidi kwa mahali pa kufikia chombo? Mtu ataniuliza, kituo kitakuwaje cha kudumu ilhali kutua ni kwa kitambo? Kinachodumu ni kituo, watu hupokezana. Pale ncha ya kusini ya dunia, Kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott kina watu mfululizo tangu 1956, na hakuna aliyepageuza kwao.

La mwisho, maana najua litazuka katika raundi ya pili. Mwanafunzi atataja faida ya kuweka darubini za redio "upande wa giza wa Mwezi". Faida ni ya kweli: kule kelele za redio za dunia hazifiki, Mwezi wenyewe umezikinga. Upande huo, ambako chombo cha China Chang'e 4 kilitua Januari 2019, uite upande wa nyuma, au upande tusiouona. Jua hulipata sawa na huu wetu. Giza la kudumu limo mle kretani.