MIDI ya Bongo Fleva inayopigika kwa mikono miwili

Kabla hujafungua programu ya kuandika MIDI (faili la maagizo ya noti ambalo kinanda au kompyuta hulisoma), kumbuka mpigaji ana vidole kumi tu. MIDI nyingi zinazozunguka kwenye flashi za wapiga vinanda wa kwaya na harusi hapa Mwanza ni tamu kwenye kompyuta, lakini hazipigiki, kwa sababu kila ala ya studio imebandikwa humo.

Anza na besi. Vaa hedifoni, maana spika ya simu inaimeza. Ukishaipata, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) nusu umeshazijua. Ila besi ikiwa E, usikimbilie kodi ya E ndogo (E minor). Huenda ni kodi ya C yenye noti ya E chini. Ukikosea hapo, lawama zitamwangukia mwimbaji bure.

Melodi ndiyo inayotesa. Kiswahili kina silabi nyingi, na wasanii wetu huipa karibu kila silabi noti yake. Ukiziandika zote, kidole kitagonga kitufe kilekile mara nne tano kwa kasi ya mvua. Chukua maneno "ninakupenda sana": mkazo uko kwenye "pe" na "sa", hizo usiziguse. "Ninaku", kama iko kwenye sauti moja, igeuze noti moja ndefu. Msikilizaji bado atayasikia maneno.

Chini ya melodi ongeza noti mbili za kodi, zisivuke oktava moja kutoka kidole gumba. Melodi ikiwa E, weka G na C chini yake, mkono usiruke. Mkono wa kushoto upewe besi na noti ya tano ya kodi (kwenye C ni G); ukiweka noti ya tatu (kwenye C ni E) chini kabisa, sauti inakuwa tope.

Pedali ya kurefusha sauti, ndani ya MIDI, ni kontrola (agizo la kudhibiti) namba 64: thamani 64 na kuendelea imekanyagwa, chini ya hapo imeachiwa. Iachie kila kodi inapobadilika.

Ngoma ziende chaneli 10, njia ya MIDI ya ngoma, kwa namba hizi za noti: teke (ngoma kubwa ya mguu) 36, sneya 38, haihati 42. Zikikaa chaneli ya piano, teke litalia kama C nzito ya chini.

Punguza mwendo hadi asilimia 60, upige mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Mkono unapokwama, futa noti, usiongeze mazoezi.

Hifadhi kama faili la aina 0 (ala zote kwenye mstari mmoja), kwani vinanda vingi vya zamani havisomi aina 1 (kila ala mstari wake), na flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32. Lijaribu kwenye kinanda chenyewe, hasa kama harusi iko kisiwani Ukerewe: ukishapanda kivuko cha Nansio, kompyuta imebaki nyumbani.