Moyo Kwenda Mbio kwa Habari za Siasa: Je, Ni Maradhi, na Vidonge vya Usingizi Vinafaa?

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, nina mke na watoto. Mwaka 2022, siku za kuhesabu kura, nilikesha nikijumlisha fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo cha kura, kwenye simu. Sasa uchaguzi wa 2027 nauogopa kabla haujafika. Ujumbe wa sauti ukiingia kwenye kikundi cha WhatsApp moyo wanienda mbio na mikono yatetemeka, na saa nane usiku naamka nafungua simu. Rafiki wa maskani amenipa Valium. Nikimeza nusu kidonge nalala, na mchana nikitafuna muguka, ile aina ya miraa, nachangamka. Je, haya ni maradhi au ni hofu tu? Na vidonge hivi niendelee navyo?

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nianze na vidonge, kwa sababu hapo ndipo penye hatari ya karibu. Valium ni diazepamu, dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari na kwa muda mfupi, maana mwili huizoea ndani ya wiki chache hata nusu kidonge ikawa haitoshi. Tena hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo uliyoimeza usiku ingali ndani yako asubuhi unapoingia barabarani na abiria, na muguka hauuondoi uzito huo bali huuficha. Ikiwa umeitumia kila siku kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla: anayeikata hivyo huweza kukosa usingizi kuliko mwanzo, kutetemeka, na baadhi hupatwa na degedege. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo. Usiichanganye kamwe na pombe wala na dawa kali za maumivu kama tramadoli.

Muguka nao una sehemu yake katika malalamiko yako. Majani hayo yana kathinoni, kichocheo kinachopandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kinachofukuza usingizi, na kinachomwacha mtu na wahaka kinapokwisha nguvu. Najua kwamba tangu kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku Mei 2024 muguka wenyewe umekuwa siasa, na mjadala huo sitauingia. Nisemalo ni kwamba hofu yako haiwezi kupimwa sawasawa ilhali moyo umekwisha kusukumwa na jani. Uache kwa wiki 2, pamoja na kahawa ya jioni. Siku za mwanzo utachoka, utakuwa mwepesi wa hasira na utaota ndoto nzito, lakini hali hiyo hupita, na kitakachobaki baada yake ndicho cha kutibiwa.

Ama kuhusu swali lako la kwanza, kuhofia uchaguzi si maradhi. Mtu wa Pwani anayekumbuka mwanzo wa 2008, watalii walipoondoka kwa ghasia za baada ya uchaguzi na hoteli zikawaachisha watu kazi, ana sababu ya kuogopa, hasa ikiwa riziki yake ni wageni. Sisi huita maradhi pale wasiwasi unaposhindwa kuzuilika, ukamshika mtu siku nyingi kuliko zile anazopumzika, kwa miezi 6 au zaidi, ukiandamana na mambo kama uchovu, misuli kukaza, hasira za haraka na kukosa usingizi, hadi kazi au nyumba ikaharibika. Kwa barua siwezi kukuhukumia, ila unakaribia mpaka huo.

Kinachokuzidishia ni simu. Ujumbe wa uvumi unapoingia, mwili humwaga adrenalini kana kwamba adui yuko mlangoni; unaufungua, unapata ahueni ya dakika mbili, na ubongo unajifunza kwamba ahueni hupatikana kwa kufungua, kwa hiyo hamu ya mara ya pili huja na nguvu zaidi. Wako watakaokwambia uachane na siasa kabisa. Mimi siungi mkono shauri hilo, kwa sababu raia ana haki ya kujua, na anayejikataza habari zote mara nyingi hubaki akizikisia. Jiwekee nyakati mbili, tuseme saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, usikilize taarifa ya habari ya redio kwa dakika 20, basi. Kikundi cha sauti kizime mlio, na simu ilale sebuleni, si chini ya mto ndani ya chandarua. Hamu ya kufungua ikikujia, ngoja dakika 15 huku ukivuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4 na kuitoa kwa kuhesabu hadi 6; utaona wahaka unapanda, kisha unashuka wenyewe bila simu.

Hofu isiyo na mwisho huchosha kuliko yenye tarehe, nawe tarehe unazo. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kikatiba, matokeo ya urais hutangazwa ndani ya siku 7, kesi hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14 tangu ifunguliwe; kwa hiyo kungoja huko hakuzidi siku 28, isipokuwa uchaguzi ubatilishwe kama 2017, ambapo wa marudio hufanywa ndani ya siku 60. Hesabu ya fomu 34A uliyoikesha haikubadilisha kura hata moja. Akiba ya unga, karo na mafuta ya kipindi hicho, ukianza kuiweka sasa, iko mikononi mwako.

Nenda hospitali upimwe shinikizo la damu, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwani tezi iliyozidi kazi huleta dalili hizo hizo. Ukionekana una maradhi ya wasiwasi, tiba ya mazungumzo hufaa, na zipo dawa za kila siku zisizoleta uraibu kama wa diazepamu, ingawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ukipata maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi, au mawazo ya kujiua, usingoje miadi: nenda hospitali papo hapo, au piga 1199, nambari isiyolipishwa ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Chukua pakiti ya vidonge uende nayo, na umtajie daktari muguka bila kuona haya, kwani asipoujua atakuandikia dawa ya moyo usiougua.