Kabla ya kununua mfumo mpya wa chuo

Ndugu, umeuliza kama chuo chenu kinunue mfumo mpya wa taarifa za menejimenti (programu ya kutunza na kutoa taarifa za uendeshaji wa chuo), kwa kuwa idadi ya wanafunzi ya ofisi ya usajili hailingani na ile ya uhasibu. Ushauri wangu: msinunue bado.

Kwanza kubalianeni maana ya "mwanafunzi". Msajili humhesabu aliyejiandikisha kwa masomo, mhasibu humhesabu anayedaiwa au aliyelipa ada. Aliyeahirisha mwaka anahesabiwa wapi? Mkiliacha swali hilo, mfumo wowote utawapa majibu mawili.

Halafu kila mwanafunzi awe na namba moja tu kwa ofisi zote, isiyobadilika hata akihama kozi. Jina halifai kazi hiyo. Watu hufanana majina na tahajia hubadilika. Tangu mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd alipoeleza hifadhidata za uhusiano, yaani data iliyopangwa kwenye majedwali yanayounganishwa, mwaka 1970, msingi ni uleule: jambo moja liandikwe mahali pamoja, kwingine lirejelewe kwa ufunguo, kama ile namba ya mwanafunzi. Usajili wakirekebisha anwani, uhasibu waione bila kuichapa upya.

Teueni pia mwenye dhamana wa kila aina ya data. Hapa ndipo pagumu kweli, hata kwenye biashara: stoo na mauzo wana orodha tofauti za bidhaa, na hakuna mwenye mamlaka ya kusema ipi ni sahihi.

Baadaye jaribuni kitivo kimoja kwa muhula mmoja, mfumo wa zamani ukiendelea sambamba. Na mkataba useme wazi kwamba data ni yenu na mnaweza kuitoa yote mkihama.