Ukitafiti kejeli za kisiasa za ughaibuni, anza na tarehe

Msomaji mmoja anayeandaa pendekezo la uzamili ameuliza: atatafitije kejeli za kisiasa zinazotengenezwa ughaibuni na kutazamwa nyumbani? Kabla hujachambua kichekesho, kirudishe kwenye wiki yake. Kejeli ya siasa hujibu habari fulani, na habari ile isipojulikana, utabaki unahesabu maneno.

Chukua Parazit, kipindi cha Kiajemi cha Sauti ya Amerika kilichoanza Washington mwaka 2009, Kambiz Hosseini na Saman Arbabi wakiwakejeli watawala wa Iran. Mwezi Juni mwaka huohuo, siku chache baada ya uchaguzi wa rais wa Iran, Rais Mahmoud Ahmadinejad aliwafananisha wapinzani wake na vumbi na takataka. Waandamanaji wakayageuza maneno yale kuwa kaulimbiu yao. Mtafiti asiyelijua hilo, akikutana na mzaha wa vumbi katika utani wa Wairani wa miezi ile, ataupita bila kusimama.

Kwa hiyo fungua jedwali lenye safu saba: tarehe ya kurushwa, tarehe ya tukio linalojibiwa, chanzo cha habari, anayelengwa, mbinu (kuiga sauti, kutia chumvi, kuunganisha picha), dakika na sekunde, na anayegharamia kipindi. Kwa Iran andika kalenda zote mbili, yetu na ya Kiirani: siku ya uchaguzi ule, Juni 12, 2009, ni Khordad 22, 1388. Ukishika moja tu, utahangaika kwenye kumbukumbu za magazeti ya Tehran. Safu ya mgharamiaji huachwa wazi mara nyingi, na hapo ndipo utetezi wa tasnifu hukwama. Sauti ya Amerika ni chombo cha serikali ya Marekani. Lazima useme hilo linabadilisha nini kuhusu nani anachekwa na nani anaachwa.

Pakua klipu siku unayoipata, kwa sababu akaunti hufutwa. Unukuzi nao upangie muda wa kutosha: dakika 10 za video hula saa nzima, na zaidi ukiandika ishara za uso na mikono. Usiziache hizo, maana mara nyingi maneno ni ya heshima kabisa, kejeli imo kwenye nyusi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuamini takwimu za mahali watazamaji walipo. YouTube na Facebook zilifungwa Iran mwaka 2009, hivyo aliyeko Shiraz aliingia kwa VPN, programu inayopitisha mawasiliano kwenye kompyuta ya nchi nyingine, na kuonekana yuko Ujerumani, kwa mfano. Uganda nako Facebook ilifungwa Januari 2021, na watu wakapita njia hiyohiyo. Ukichora ramani ya wacheshi na watazamaji wao kwa takwimu hizo, umechora ramani ya seva za VPN, si ya watu. Tumia dalili za ndani: lahaja, saa za kuandika, bei na mitaa inayotajwa. Hata hizo ziandike kama makisio.

Mwombe mtu wa pili ajaze jedwali hilohilo kwa asilimia 20 ya klipu bila kuona ulichojaza wewe. Mkipishana sana kwenye safu ya mbinu, fafanua upya makundi kabla ya kuendelea.

Maoni ya watazamaji usiyanukuu neno kwa neno, hata ukificha jina. Sentensi nzima ikiwekwa kwenye kitafutio humfichua aliyeiandika, na pengine ana mama anayeishi nyumbani, chini ya watawala wanaokejeliwa. Yaeleze kwa maneno yako, na maandishi halisi yabaki kwenye faili lenye nywila.